Mkono Kabla ya Swali: Tunamuaga Muuguzi Erina Ithungu

Kwanza tunawaomba radhi wasomaji. Jarida hili la watumishi halijatoka tangu Agosti 2018. Ugonjwa wa kutokwa damu ulipozuka ng'ambo ya mpaka, karatasi yoyote inayopita mkono hadi mkono ilitiliwa shaka, na jarida lilikuwa la kwanza kuzuiwa. Zuio liliondolewa miezi mitatu iliyopita. Kuchelewa kwa miezi hiyo mitatu ni kosa letu, na hatuna udhuru wa maana.

Tunarudi na habari ya kuagana. Muuguzi Erina Ithungu, msimamizi wa chumba cha dharura, anastaafu tarehe 31 Desemba 2019, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya misheni hapa Bwera kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Anaondoka huku jambo moja alilolipigania likiwa halijaamuliwa na bodi, nalo ni hili: mgonjwa mahututi akifika langoni, aguswe kwanza au aulizwe kwanza? Wenzetu wa Bwera wanaijua habari hii, ingawa si wote wanaoisimulia kwa ukweli. Kwa walio Kasese mjini, Rukoki na zahanati zetu za milimani, tutaieleza kwa utaratibu wake.

Alizaliwa Nyakiyumbu mwaka 1959, akasomea uuguzi, akaajiriwa hapa tarehe 1 Novemba 1985 katika wodi ya watoto. Ripoti yake ya kwanza ya mwaka ingalimo katika kumbukumbu. Msimamizi wake aliandika kwamba ni mchapakazi, lakini kila akipewa habari huuliza ni nani aliyeiona. Aliyaandika hayo kama lawama. Vita vilipofika Mpondwe na Bwera mwishoni mwa mwaka 1996, Erina aliazimwa na chumba cha majeruhi kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili zimekuwa miaka ishirini na mitatu.

Ni desturi kumsifu mstaafu kwa upole. Tukimsifu Musawo Erina hivyo (musawo ni mhudumu wa afya kwa lugha ya hapa), yeye mwenyewe atataka kujua tumezipata wapi habari hizo. Tuseme yaliyo kweli: Erina ni mtu wa kushuku. Haamini barua, haamini simu, haamini neno la daktari aliyezungumza na mgonjwa akiwa amesimama mlangoni. Haamini vipimo pia, na jambo hilo lina sababu. Mwaka 1998 mzee mmoja mwenye homa ya mapafu aliwekewa oksijeni. Mshale wa mtungi ulionyesha kwamba umejaa, na kwa nusu saa nzima watumishi wanne waliutazama mshale na kuridhika, huku midomo ya mzee ikizidi kuwa ya bluu. Erina aliuchomoa mpira puani mwa mzee akautumbukiza katika kikombe cha maji. Hakuna hata povu moja lililopanda. Mtungi ulikuwa mtupu, na mshale ulikuwa umekwama tangu siku uliposhushwa garini. Mzee alipewa mtungi mwingine, akapona.

Tangu siku hiyo kila mtungi hupita kwenye kikombe cha Erina asubuhi na jioni. Mwaka 2015 wageni walituletea mashine tatu za kuzalisha oksijeni, nasi tukawapokea kwa kwaya na hotuba. Katikati ya hotuba ya mkurugenzi, Erina alisogea mbele na kikombe chake, akaziwasha mashine moja baada ya nyingine. Mbili zilitoa mapovu. Ya tatu ilinguruma tu. Hotuba ilifupishwa, na wageni, kwa heshima yao, waliirudisha ile ya tatu ikatengenezwa. Wapo waliosema kwamba alituaibisha. Leo chumba cha dharura kina mashine tatu zinazofanya kazi.

Mwaka 2011 alipelekwa Kampala kwa wiki tatu kujifunza namna ya kuwapanga wagonjwa kwa uharaka wa hali zao, badala ya kuwapanga kwa jinsi walivyofuatana kufika. Alirudi na riboni za rangi: nyekundu kwa anayehitaji msaada sasa hivi, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa anayeweza kusubiri zaidi. Mafunzo yalikuwa mazuri, ila hayakufikiria Kasese katika mwaka wa uchaguzi. Kila rangi ilikuwa na chama chake. Mwanamume mmoja aliyevunjika mkono aliikataa katakata riboni ya njano, akasema afadhali mfupa ujiunge wenyewe. Mwingine aliyekuwa na kikohozi tu aliidai hiyo hiyo ya njano na kukataa kuivua hata alipoambiwa aende nyumbani. Kwa siku tisa watumishi wa chumba cha dharura walishukiwa kuwa wapiga kampeni, na kuna aliyekwenda kuwashtaki.

Siku ya kumi Erina alikwenda soko la Mpondwe akarudi na vitenge vitatu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka: kimoja cha samaki badala ya nyekundu, kimoja cha miavuli badala ya njano, kimoja cha vikapu badala ya kijani. Hakuna chama chenye alama ya samaki. Alivikata vipande, akavipindia kwa mkono, na kazi ikaendelea. Ndiyo maana hadi leo, mtumishi akipaza sauti kwamba ameleta samaki, kila mwenye mikono huacha alichoshika. Mgeni anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni habari ya jikoni.

Sasa tufike kwenye habari ya lango.

Wanaoishi milimani wanajua kwamba mgonjwa asiyeweza kutembea huletwa kwa machela ya miti, na kwamba kikundi kinachombeba mgonjwa ndicho hicho hicho kinachombeba marehemu. Wanaume ni wale wale, machela ni ile ile, mwendo ni ule ule. Tofauti iko katika blanketi: mgonjwa huachwa uso wazi, marehemu hufunikwa. Lakini mvua ikinyesha, au mgonjwa akitetemeka, wabebaji humfunika hadi juu ya kichwa kwa kumhurumia.

Mwezi Aprili 2017, mchana wa mvua kubwa, wanaume wanane waliingia langoni wakiwa na machela iliyofunikwa pande zote. Walikuwa wamechoka, hawakusema neno. Langoni alikuwapo Wahabu, mlinzi wetu, aliyewahi kuwa jeshini na ambaye sote humwita afande. Wahabu alivua kofia, akainamisha kichwa, akawaonyesha kwa mkono njia ya mochwari. Wabebaji hawakuwa wenyeji wa hospitali. Waliona sare, wakatii. Walimlaza mtu wao juu ya sakafu ya saruji, wakatoka kusubiri daktari chini ya upenu.

Ilikuwa desturi ya Erina kwenda kumwona kila aliyepelekwa mochwari kabla mlango haujafungwa. Wengi wetu tulilicheka jambo hilo, na baadhi tulilichukia, kwa kuwa lilionekana kama kutuambia kwamba hatuwezi kumtambua aliyekufa. Siku hiyo alimkuta mlangoni mama mmoja aliyelowa, mwenye beseni kichwani, akibishana na afande aliyekuwa amemfuata kutoka langoni. Alikuwa Geneviève, mke wa mtu aliyekuwa ndani, naye alikuwa ameachwa nyuma na mwendo wa wabebaji. Tunayanukuu maneno kama yalivyosemwa.

"Bwana yangu hayakufa," alisema Geneviève. "Iko anapumua. Nani amesema alikufa?"

Wahabu alimwambia pole, mama, ni mapenzi ya Mungu.

Erina hakumpa pole. Aliuliza swali moja tu: "Nani amemgusa?"

Hakuna aliyekuwa amemgusa. Si mlinzi, si mtunza mochwari aliyekuwa amekwenda kula, si sisi wa masjala tuliokuwa tayari tumeanza kuandika. Erina alipiga magoti juu ya saruji, akalifunua blanketi, akaweka vidole chini ya taya akitafuta mapigo. Kisha akaita samaki. Mtu huyo, mfanyabiashara wa Butembo aitwaye Kataliko, alikuwa na malaria kali iliyommalizia sukari mwilini. Alitiwa maji ya sukari kwenye mshipa hapo hapo sakafuni, na kabla chupa haijafika nusu alifumbua macho akauliza kwa nini amelazwa kwenye nyumba isiyo na dirisha.

Kataliko yu hai. Akija Bwera kwa biashara hupita kwenye lango letu hata kama hana shida, huvua kofia mbele ya Wahabu, mvua au jua, na kumwambia: "Afande, angalia vizuri. Uso iko wazi." Wahabu alikuwa akikasirika. Siku hizi humjibu kwamba amemtambua, apite, lakini asifike kule nyuma.

Kutokana na siku ile Erina aliandika kanuni moja na kuibandika langoni: mgonjwa huguswa kabla ya kuulizwa. Alianza pia kuweka daftari la dakika. Kila mgonjwa wa kitambaa cha samaki aliandikiwa saa aliyoingia langoni na saa mkono wa kwanza wa muuguzi ulipomfikia. Mwezi Julai 2018 wastani ulikuwa dakika sita. Hatujui hospitali nyingine ya ukubwa wetu inayoweza kusema hivyo, wala hatujui kama zipo zinazopima.

Mwezi Agosti ugonjwa ukazuka upande wa Beni, na meza ikawekwa langoni. Ifahamike wazi kwamba Erina hakuipinga. Alikuwa wa kwanza kukaa nyuma yake. Meza ilikuwa na kipimajoto, ndoo ya maji ya dawa na maswali manne: umetoka wapi, una homa, umetapika, unatokwa damu? Maswali hayo yalitulinda, nasi tunayashukuru.

Lakini meza ilianza kuota maswali. Mwezi Oktoba yalikuwa tisa. Kufikia Pasaka ya 2019 yalikuwa kumi na tisa, na mengi hayakuwa ya ugonjwa. Mgonjwa aliulizwa amelala kwa nani, amevuka kwa njia gani, ni nani anayemfahamu hapa, na kama ana barua ya LC, yaani ya mwenyekiti wa kijiji. Aliyezungumza Kiswahili cha ng'ambo aliulizwa mara mbili. Haikutajwa ni nani aliyeyaongeza. Tumetafuta katika kumbukumbu maagizo yenye sahihi, hatukuyapata. Kila anayeulizwa husema aliyakuta.

Watu wakaanza kutushuku nasi pia. Ilivuma kwamba anayesema ndiyo kwa swali la damu huingizwa kwenye hema nyeupe na hatoki. Basi wakasema hapana kwa kila kitu.

Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba mwaka huu, Laurentine, mkimbizi wa Beni anayeishi na shangazi yake Nyakiyumbu, aliletwa na pikipiki. Ameturuhusu tumtaje. Alikuwa na mimba ya miezi minane, amejifunga kitenge cheusi. Alipoulizwa kama anatokwa damu, alisema hapana. Swali la kumi na moja lilitaka jina la mwenyekiti wa kijiji alichotoka kulala. Hakulikumbuka. Kusitasita kwake kulitiliwa shaka, akaambiwa akae kwenye benchi mpaka alikumbuke. Alikaa wima, kwa adabu, akilitafuta jina. Erina aliporudi kutoka wodini alimpita, akasimama, akavaa glavu, akamshika kifundo cha mkono. Mkono ulikuwa baridi kama mfereji wa maji. Kitenge cheusi kilikuwa kimeificha damu yote.

Laurentine alifanyiwa upasuaji akapona. Mtoto hakupona. Katika daftari la dakika, kwenye mstari wake, imeandikwa arobaini na nne.

Jambo lililofuata linatupasa kulisema kwa uangalifu. Erina alilipeleka daftari kwa uongozi ili lionekane. Badala ya kuulizwa juu ya dakika, aliulizwa anamwandikia nani. Ilidhaniwa kwamba yupo mtu Kampala, au mtu wa redio, anayesubiri kurasa zile. Aliitwa ofisini mara tatu. Mara ya tatu alikwenda na kalamu, akawaomba waliomo ndani wamtajie majina yao na saa, ili naye ayaandike. Hakuitwa mara ya nne.

Mbele ya bodi, iliyotembelea lango tarehe 19 Novemba, alieleza anachotaka. Hakutaka ulinzi upunguzwe. Alisema kwamba yeye humshuku kila mtu kuwa na ugonjwa, pamoja na mkurugenzi, na kwa hiyo huvaa glavu, barakoa na aproni kwa kila mtu. Akishavaa, hana sababu ya kungoja majibu. Meza iondolewe. Muuguzi aliyevaa ipasavyo asimame langoni, mikono ianze kazi, na yale maswali manne ya mwanzo yaulizwe wakati mikono inafanya kazi. Mengine kumi na tano yapelekwe anakostahili kuulizwa mtu mwenye nguvu za kujibu.

Mjumbe mmoja alisema kwamba meza imetulinda. Hapo Wahabu, ambaye hakuwa ameitwa kusema, alijitokeza. "Mimi ndiyo nilituma mutu mochwari na yeye iko anapumua," alisema. "Kama hii meza ingekuwa hapo, ningemuuliza maswali, yeye angenyamaza, na bado ningemutuma."

Mjumbe aliandika kitu. Hatukuonyeshwa ni kitu gani.

Wakati huo huo kamati ya kuagana, chini ya Gorret wa dobi, ilikuwa ikitafuta zawadi. Kamati ilimwendea Erina na mapendekezo matatu: ng'ombe jike, seti ya makochi, au tangi la maji. Aliwasikiliza, akawashukuru, akasema kwamba wamwondolee meza. Baadhi walidhani anatania. Wengine walimshuku kwamba anaitumia kamati kuisukuma bodi, na tunaamini hawakukosea. Gorret alimweleza kwa upole kwamba desturi inataka kitu cha kubebwa.

"Basi ibebeni," alisema Erina.

Kamati iliiandikia bodi. Watumishi sitini na mmoja walitia sahihi, wakiwamo wawili waliokuwa wakikaa nyuma ya meza siku ya Laurentine. Bodi ilijibu kwamba imelipokea ombi na italiamua katika kikao cha tarehe 21 Februari 2020. Hatudai kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa Erina atakuwa ameshaondoka. Tunaona tu kwamba ipo wiki saba baada yake, na kwamba barua ya bodi haisemi ni nani atakayeieleza hoja yake. Yeye mwenyewe alipoisoma aliuliza mambo mawili: wajumbe wangapi wanatosha kufanya kikao, na ni nani atakayeandika kumbukumbu.

Kwa hiyo, kinyume cha desturi, tunamuaga mwenzetu mikono mitupu. Ameyakataa makochi, na ng'ombe tuliyekuwa tumeshamweka akiba amerudishwa kwa mwenyewe.

Musawo Erina, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne ya kutotuamini. Tuliochukizwa na jambo hilo, na mwandishi wa maneno haya alikuwa mmoja wao, tunakuomba radhi. Wapo watu wanaopita barabara ya Kasese leo ambao tulikuwa tumeshaanza kuwaandika katika kitabu kingine. Mungu akupe afya huko Nyakiyumbu, usingizi usiokatizwa, na majirani wanaosema kweli mara ya kwanza.

Chumba cha dharura kinapokelewa na Shallon Masika, aliyefundishwa na Erina kwa miaka minane. Daftari la dakika amekwisha kukabidhiwa, na nakala yake ipo masjala. Meza ingali langoni, kwa kuwa hakuna mtumishi aliye na mamlaka ya kuiondoa kabla ya kikao. Hata hivyo, tangu Jumatatu Shallon amekitoa kiti chake nyuma ya meza na kukiweka mbele yake, upande wanakoingilia wagonjwa, na hukaa hapo akiwa amevaa glavu. Ameulizwa ni nani aliyemruhusu. Amejibu kwamba agizo la kuiweka meza linataja mahali pa meza tu, halitaji mahali pa kiti. Wastani wa wiki hii ni dakika saba.

Bodi ikishaamua, tutaandika siku hiyo hiyo, iwe imekubali au imekataa, na tutaorodhesha majina ya waliokuwapo.